Siku Niliyomwambia Dada wa Benki Ahakiki Yote

Aibu hii bado inaniwasha, mpaka leo nikifika karibu na ile benki hapa Mpanda navuka barabara nipite upande wa pili. Lakini bora mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa wale waliokuwa kwenye foleni, maana wao wanaongeza chumvi (na ilivyokuwa yenyewe inatosha).

Mimi Mfipa nimeoa kwa Wasukuma, wafugaji waliohamia Kakese, hapa jirani. Mama mkwe wangu aliuza maksai wanne anunue mashine ya kukoboa mpunga, na kwa kuwa hana akaunti hela ikakaa kwangu. Nikailipia mashine kwa muuzaji wa Dar kwa kadi, kupitia simu, vizuri kabisa. Jioni mke wangu Kabula anafungua simu atazame salio, anakuta benki imeandika malipo yale ni michezo ya kubahatisha. Milioni mbili na laki nne! Akampigia mama yake, na kesho yake mama mkwe akatuma neno: kama maksai wangu wameliwa kwenye kamari, binti yangu anarudi nyumbani.

Jamani, hela ile sikula hata shilingi. Nikawaka, nikasema twende wote benki nisafishwe mbele ya watu. (Nani alinituma?)

Sasa mjue, kwa Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawakai karibu wala hawatazamani, kwa hiyo mama alikaa benchi la mwisho kule mlangoni, kajifunika kitenge, mimi nipo kaunta nimempa mgongo, na Kabula katikati anapeleka maneno huku na huku mpaka akachoka, akamwambia mhudumu, "Dada, we ongea kwa nguvu tu, mama asikie mwenyewe." Na yule dada sauti alikuwa nayo.

"Hili ni kosa letu," akapaza, ukumbi mzima ukageuka. "Muuza mashine anapokea hela kupitia wakala yule yule anayetumiwa na kampuni ya kubeti, mfumo ukawachanganya. Tunarekebisha."

Kule mlangoni nikasikia mama anamshukuru Mungu. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

"Nihakiki haya tu, au malipo yote ya miezi mitatu?" dada akaniuliza.

Nikajibu kama mhubiri: "Yote! Sina cha kuficha!"

Akabonyeza, mimi natabasamu. Halafu nikaona anakunja uso, ndipo nikakumbuka. "Dada, hayo mengine acha tu," nikanong'ona. Hakusikia, au hakutaka kusikia.

"Kaka, hapa kuna malipo kumi na moja yameandikwa vifaa vya shule, ila mpokeaji ni kampuni ya kubeti. Elfu tano, elfu kumi, elfu tano tena... Ni ya kwako haya?"

Yalikuwa ya kwangu. Karibu kila Jumamosi naweka mkeka, yaani nabashiri mechi kadhaa kwa mpigo, kwa hela ya mshahara wangu, na benki kwa makosa yake ikawa inaniandikia vifaa vya shule, nami nikanyamaza (nani anakataa bahati?), maana Kabula akiona anadhani nalipia kidogo kidogo sare na vitabu vya binti yetu Limi, anafurahi kwamba namjali.

Nyuma mtu akacheka, mlinzi akajifanya anakohoa. Nilitaka kusema nimeibiwa namba ya siri, ila nilichelewa. Mama mkwe akainuka, akaipita foleni yote, akaja kusimama mbele yangu na kunitazama machoni. Miaka sita ya ndoa, hajawahi.

"Baba," akasema polepole, "mashine yangu ikifika, apokee Kabula."

Akatoka. Kabula hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mwezi uliopita mwalimu alimrudisha Limi nyumbani kwa kukosa madaftari. Ukaniambia hela hamna."

Akamfuata mama yake. Nilikaa wiki tatu peke yangu, nikapeleka mbuzi na wazee wawili wa kuniombea msamaha, ndipo akarudi. Kadi sasa anakaa nayo yeye, hata hela ya kunyoa naomba. Mkeka nimeapa siweki tena, na siku nyingine nikitaka kwenda kudai haki yangu kwa sauti, nitajihakiki kwanza mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa. Limi ana madaftari. Akiniletea nisaini, naona aibu kumtazama.