Picha Iliyoganda

Hospitali nzima ilimwita fundi wake wa kompyuta Dakika Mbili, kwa sababu kila kompyuta ilipogoma yeye alijibu, "Nipeni dakika mbili tu." Hazikuwahi kuwa mbili. Lakini walimpenda, maana hakuwa na makuu, na hakumcheka mtu aliyesahau kuchomeka waya ukutani.

Asubuhi hiyo alisasisha programu za mtandao, akajipongeza kwa kikombe cha chai. Kabla hajakimaliza, sista wa wodi ya wazazi akampigia simu.

"Fundi, njoo mbio! Kioo cha yule mama kimeganda, na mwenyewe hashikiki."

Yule mama alikuwa amejifungua mtoto njiti kwa upasuaji, kisha akashikwa na homa, hivyo hakuruhusiwa kuingia chumba cha watoto njiti, jengo la pili. Alimwona mwanawe kwa kamera tu, kwenye kioo cha kompyuta kando ya kitanda. Na kwa robo saa nzima sasa, mtoto kwenye kioo hakuwa ametikisa hata kidole.

"Amekufa," alimwambia fundi alipofika. "Mnanificha."

"Hapana, dada yangu. Ni mtambo tu."

"Kila mtu ananiambia ni mtambo."

Safari hii fundi hakutamka maneno yake ya siku zote. Roho ilimuuma. Sasisho alilibonyeza yeye, na sasa mtu alikuwa anamlilia mtoto aliye hai.

Alikagua waya, ukawa mzima. Akakimbilia jengo la pili: kamera inawaka, na mtoto mwenyewe anapiga miayo kama mlinzi aliyetoka zamu. Akarudi ofisini kwake, akazima seva na kuiwasha, wapi! Kompyuta za majengo yote mawili zilionana vizuri, ila picha haikuvuka. Basi kuna kinachoizuia njiani, aliwaza. Akafungua programu ya ulinzi, ile inayoamua kipi kipite kwenye mtandao na kipi kisipite, akaguna. Sasisho lilikuwa limefuta ruhusa zote alizoziweka kwa mkono wake, likarudisha za kiwandani, na kamera haikuwamo. Akairudishia ruhusa yake, kisha akatoka mbio tena.

Alifika wodini akihema. Kioo kilikuwa hai, kifua cha mtoto kinapanda na kushuka, na sista anapiga makofi. Mama hakutabasamu.

"Hiyo ni ya jana," alisema. "Mmeniwekea video."

Sista akafungua mdomo kubisha, fundi akamzuia kwa mkono. Alimwonea mama huyu huruma. Akavuta kiti, akapiga simu chumba cha watoto, kisha akamkabidhi mama simu ile.

"Mwombe muuguzi wa kule afanye kitu. Chochote, uchague mwenyewe."

Mama aliiweka simu sikioni. Kisha, kwa sauti ndogo: "Sista, naomba... umvue soksi. Ya kushoto."

Mkono wenye glavu ukaingia kwenye kioo, ukavuta soksi polepole. Mguu mdogo ukachomoza, ukapiga teke hewani kwa hasira.

"Mvalishe!" mama alipiga kelele, machozi yakimbubujika. "Mvalishe haraka, atashikwa na baridi!"