Picha Nimeiona, ni Mbaya

Nafanya kazi kiti cha pili katika saluni ya kunyoa yenye viti viwili. Kiti cha kwanza ni cha Hakimu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna picha inayotoka, iwe ya mapigano, ya mapenzi au ya mashetani, asiyoikalia na kuitolea hukumu. Mimi sinema sizipendi. Nikikaa mbele ya televisheni dakika kumi nasinzia. Kila ninachokijua kuhusu sinema nimekisikia kutoka kiti cha kwanza, bila kuuliza, mwaka wa kumi na moja sasa.

Hukumu za Hakimu zinaanzia kichwani, yaani kwenye nywele. Risasi hazihesabu, mabusu hayamshughulishi. "Mtu kapotea msituni wiki tatu," atakwambia huku anakuinamisha kichwa, "kala majani, kapigana na simba, lakini pembeni kachongwa. Nani kamchonga? Simba?" Basi, picha hiyo imeshindwa kesi. Ilikuwapo tamthilia moja ya mama mkwe mwenye roho mbaya, mtaa mzima ukiililia. Yeye alichokiona ni kwamba mvi za mama mkwe zilikuwa upande wa kulia Jumatatu, na Jumanne zikahamia kushoto. Mwanamuziki fulani alipotokea kwenye video na mistari mitatu juu ya sikio, vijana wakamiminika kwetu wakitaka mistari mitatu. Hakimu alimwambia kila mmoja, "Yule alikatwa na kinyozi mlevi, akaona aibu, akasema ni mtindo." Kisha akawakata mistari mitatu.

Mteja akibisha sana, Hakimu humwambia, "Haya bwana, akili ni nywele, kila mtu ana zake." Nami humjibu kutoka kiti changu, "Na wewe kazi yako ni kuzipunguza."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimweza: dada yake. Dada huyu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kamzidi umri miaka kumi na mitano, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Hakimu akiwa darasa la pili. Sote pale saluni tunamwita Mwalimu. Yeye picha huipima kwa moyo. Ikimliza na kisha ikaisha vizuri, ni nzuri. Ikimliza halafu ikamwacha hivyo hivyo na machozi yake, ni takataka, hata ingekuwa imesifiwa na dunia nzima. Walikuwa wakibishana kwa ujumbe wa sauti, naye Hakimu akiupiga kwenye spika ili saluni nzima isikie.

"Dada, wewe unapima picha kwa leso."

"Na wewe unapima kwa kitana. Bora leso, inafuta kitu."

Wateja walikuwa wakicheka hadi nawaomba watulize vichwa, nisije nikawakata masikio. Nisiwe mnafiki, kuna siku walinichosha. Watu wazima wawili, mmoja ana wajukuu, wanatoana jasho kwa ajili ya mtu ambaye hayupo na mambo ambayo hayakutokea.

Kisha Mwalimu akaanza kukohoa. Wiki ya kwanza tukasema ni vumbi. Ya pili tukasema ni baridi. Ulipofika mwezi wa tatu tukaacha kukisia. Ujumbe wake ulianza kukatikakatika kwa kikohozi, na Hakimu akaacha kuuweka kwenye spika. Alikuwa anauweka sikioni, anageukia ukutani. Siku moja wakati tunafagia nywele aliniambia kwamba baba yao aliondoka kwa ugonjwa wa kifua, na ulianza hivyo hivyo, kikohozi kikavu cha kuanzia alfajiri. Hatimaye daktari akamtaka Mwalimu akapigwe picha ya kifua, Alhamisi asubuhi. Hakimu alitaka kumsindikiza. Mwalimu akakataa katakata. "Nakwenda kupigwa picha, siendi kuzikwa," alisema. "Kanyoe watu."

Alhamisi hiyo kiti cha kwanza kilikuwa kimya. Akaja dereva mmoja wa lori, mteja wetu wa siku nyingi, akakaa, akafungwa kitambaa shingoni.

"Punguza pembeni tu, Hakimu, nitoke vizuri kwenye picha ya leseni. Halafu niambie, ile ya wapelelezi umeionaje?"

"Sijui," akasema Hakimu.

Nilizima mashine yangu. Miaka kumi na moja sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kiti kile.

Saa nne na kitu ujumbe ukaingia. Hakimu alikuwa na mashine mkono wa kulia, simu akaichukua kwa kushoto, na kwa haraka akasahau kwamba bado imeunganishwa na spika ya muziki. Sauti ya Mwalimu ikajaa chumba kizima.

"Mdogo wangu, picha nimeiona. Mbaya. Mbaya, mbaya, nakwambia! Nilishaanza kuingiwa na wasiwasi mapema, lakini kwamba ni mbaya kiasi kile sikutegemea. Daktari mwenyewe machozi yamemtoka. Wifi yangu usimwambie chochote kwanza, usije ukamharibia siku. Nitakueleza tukionana, chaji inaka..."

Ikakata. Mashine ilikuwa bado inaunguruma mkononi mwa Hakimu, na mkono ukateremka wenyewe, taratibu, ukapita katikati ya kichwa cha dereva kutoka utosini hadi kisogoni. Barabara safi, imenyooka. Dereva hakuiona kwa kuwa alikuwa anatazama kioo cha mbele. Mimi niliiona.

Hakimu akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena na tena. Kisha akanigeukia, uso umempauka.

"Jirani, daktari kalia. Wewe ushamwona daktari analia? Wale hawalii. Daktari akilia ujue kakata tamaa."

Nikamnyang'anya mashine, nikamweleza dereva kwamba hapa hakuna tena cha kupunguza pembeni, labda anyoe kipara. Nilitegemea matusi, maana madereva wa lori nawajua. Lakini na yeye ujumbe aliusikia. "Nyoa yote, nyoa haraka, mwende," akasema. "Leseni itanizoea."

Tukafunga saluni mchana kweupe. Hospitali si mbali, tukaenda kwa miguu, Hakimu nusu anakimbia, koti la kazi bado limejaa nywele za dereva. Njia nzima alikuwa anajilaumu. Jumapili alimtumia dada yake picha moja ya huzuni kwenye simu, akamwagiza aitazame yote bila kuruka, kisha aje aseme kama bado anaamini kila picha lazima iishe kwa harusi. "Mtu anaumwa kifua, mimi namtumia huzuni," alikuwa anasema. "Nimemwambia hajui picha. Kanilea, kaninyoa kwa mkasi wa karatasi nikiwa mtoto ili nisichekwe shuleni, na neno langu la mwisho kwake ni kwamba hajui picha."

"Si neno la mwisho," nikamwambia kwa ukali. Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa kwamba huenda ndilo.

Kwenye dirisha la kitengo cha picha alikuwapo mama mmoja anayepanga makaratasi. Hakuinua macho.

"Wa picha za kifua?" akasema. "Wamekwisha hao."

Hakimu akakaa sakafuni. Namaanisha sakafuni, katikati ya njia ya watu, miguu mbele kama mtoto.

Mimi subira sina. "Wamekwisha vipi, mama?" nikauliza, na sauti ilinitoka kubwa.

"Wamekwisha kuondoka! Ya mwisho imesomwa sasa hivi. Mlitaka walale hapa?" Ndipo akachungulia akamwona Hakimu pale chini. "Huyo naye ni wa kulazwa?"

Nikamwinua kwa kwapa, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu. Anakaa vyumba viwili, chumba cha mbele kina meza ya kulia ambayo nusu yake ni vitabu. Tulimkuta ameketi amebanana na ukuta, kwa kuwa waya wa chaji ni mfupi na simu alikuwa ameishika inachaji. Miwani iko kwenye paji la uso. Alikuwa anasubiri simu iwake, na alipotuona akakunja uso kama tumechelewa darasani.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana adabu ni adabu hata siku ya msiba.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnafukuzwa? Saluni iko na nani?"

Hakimu hakusalimia. Alipiga magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja ya dada yake, akaanza kulia kwa sauti. Mtu wa miaka arobaini na saba. Nywele za dereva zikabaki kwenye sketi ya Mwalimu.

"Analia nini huyu?" Mwalimu akaniuliza.

"Picha, Mwalimu," nikasema. "Tumesikia picha ni mbaya."

"Si ndiyo, mbaya sana! Lakini ya kulia hivi? Mimi mwenyewe sikulia hivi." Akamgusa bega. "Mdogo wangu, kwani si uliitazama kabla ya kunitumia? Hukujua kwamba yule daktari atamzika mkewe mwenyewe?"

Kilio kikakatika ghafla. Hakimu akainua kichwa.

"Picha gani, dada?"

"Hiyo uliyonitumia Jumapili. Ya daktari wa kisiwani. Steringi mwenyewe, yule mke, anakufaje, tena dakika tano kabla ya mwisho, akiwa amevaa gauni zuri vile? Huo ni utovu wa adabu. Nikasema wifi yangu asiitazame, atakosa raha wiki nzima."

"Na ya kifua?"

"Ah, ile?" Akanyoosha mkono mezani akavuta bahasha kubwa. "Ile iko safi. Hakuna kitu, kama daftari la mtoto mvivu. Daktari kasema kikohozi ni cha mzio, nitupe ule mto wangu wa sufi, kanipa na dawa ya kuvuta. Nilikuwa nangoja simu iwake nikwambie."

Mimi si mtu wa kuonyesha mambo yangu, lakini niliegemea mlango, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kila nikitaka kunyamaza nakumbuka kile kichwa cha dereva, naanza upya. Hakimu alitoa picha kwenye bahasha, akaiinua dirishani penye mwanga, akaiangalia ubavu mmoja baada ya mwingine. Hakujua anachokitafuta, ila alikuwa anatabasamu na machozi bado yanamshuka hadi kwenye masharubu.

Ndipo hasira ikamjia. Hasira ya mtu aliyepona.

"Dada, na wewe! Leo, siku ya leo, unaniambia picha mbaya bila kusema picha gani? Nimetaka kufa! Nimemnyoa mtu barabara kichwani! Kwa nini usingoje kwanza utoe habari ya maana?"

Mwalimu alichomoa simu, akaichomeka tena, akavuta miwani machoni.

"Nilikuwa sijaitwa," akasema. "Nilipokutumia ujumbe ule nilikuwa nimeshapigwa, nipo kwenye benchi, nangoja kuitwa nisomewe. Mlango uko mbele yangu. Nimekaa pale tangu saa moja, na hiyo picha yako nimeitazama yote ili nisiutazame mlango. Nikawaza, nikiingia mle nikatoka na habari ya baba, wewe hutabishana na mimi tena. Nakujua. Utakuwa ni 'ndiyo dada', 'kweli dada', kila nitakalosema, kama watu wanavyowafanya wagonjwa. Nikataka tugombane mara moja kabla sijaitwa. Ndipo chaji ikakata."

Nilitamani niwe nje, lakini kufungua mlango wakati ule kungekuwa kelele. Hakimu alirudisha picha kwenye bahasha taratibu, akaipangusa mahali ambapo haikuwa chafu.

"Ni kweli, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Ile picha ni mbaya. Umeshinda."

Mwalimu akamtazama kwa juu ya miwani, muda mrefu, nadhani ndivyo alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la mwenzake. Akainyakua bahasha akampiga nayo begani.

"Mimi si mgonjwa!" akasema. "Umesikia? Bishana!"

Hakimu akapangusa pua kwa mkono wa koti la kazi, akavuta kiti, akaanza.