Siku Nilipozizima Kompyuta za Kibuta

Naanza mimi kabla shemeji yangu Kondo hajawasimulia kwa chumvi zake: ni mimi niliyezizima kompyuta za Kibuta mbele ya watu, na ni mimi yule aliyeonekana kwenye televisheni akicheza mduara, kanga kiunoni. Aibu nimeibeba. Lakini wazo langu lilikuwa sahihi, na hilo silifuti hata mkinicheka mpaka mbavu ziwaume.

Pale kijijini tulikuwa na chumba cha kompyuta za msaada, zinatumia mfumo huria, ule usiolipiwa ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Mfumo mzuri, ila kila kompyuta ilishusha programu zake yenyewe, kwa bando la kuchangishana, na mtandao wa huku (mnaujua) huja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Nikasema huu ni ujinga, kwa nini kila mmoja aende kisimani na kikombe chake wakati tunaweza kuleta pipa? Nikawa nashusha programu zote nikiwa kwa binti yangu Zuhura, Tangini, ambako mtandao haukatiki, naziweka kwenye diski, nakuja nayo Kibuta, naichomeka kwenye kompyuta moja ambayo ndiyo ghala, na nyingine zote zinachota humo. Sekondari yangu ni ya zamani, lakini kichwa bado kinafanya kazi.

Kondo akakitaka chumba kile kiwe stoo ya korosho. Mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi, akaamua nionyeshe ghala langu hadharani: likifanya kazi chumba kibaki, likishindwa korosho ziingie.

Asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa bado Tangini, diski ikajaa. Humo mlikuwa na video ya harusi ya mjukuu wangu, na mtu mwenye akili angeihamisha. Mimi nikafuta vipande vya programu ambavyo majina yake sikuyaelewa (vya nini hivi, nikasema). Kumbe vinategemeana kama mafiga, ukitoa moja chungu kinalala.

Basi watu wamejaa, nami kwa mbwembwe nikaziamuru kompyuta zote zichote kwa pamoja, wala sikujaribu moja kwanza. Likaja swali refu la Kiingereza, kwamba kuna vipande havipo, je, vyote vinavyovitegemea vifutwe? Mzee mzima nianze kusoma kwa kidole huku natazamwa? Nikabonyeza ndiyo. Vioo vikawa vyeusi, kimoja baada ya kingine.

"Ndiyo mambo mapya hayo?" akauliza Kondo.

"Tulia, shemeji, zinajipanga."

"Zinajipanga kuondoka?"

Iliyobaki hai ni ile ya ghala, iliyounganishwa na televisheni ili watu waone. Nikafungua diski nitafute vile vipande, kwa haraka nikagusa video ya harusi. Ngoma ikalia, kiuno changu kikajaa kioo kizima.

"Baba Zuhura!" mke wangu akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe kanga yangu ulikuwa nayo wewe!"

"Usizime, babu!" wakapiga kelele wanawake. "Ndiyo kwanza inakolea!"

Bi Mwanaidi akafuta machozi ya kicheko, kisha akauliza taratibu, "Mzee Shomari, zitarudi leo?"

Ningeweza kuusingizia umeme. "Hazirudi leo," nikasema. "Nimeharibu mwenyewe. Ghala halina kosa."

"Basi korosho ziingie."

Zimeingia, na Kondo ana ufunguo. Kompyuta nimezihamishia barazani kwangu, nikarudi Tangini nikashusha kila kipande upya, nikajaribu kwa moja, ilipowaka ndipo nikazifuata nyingine, na leo zote zinachota bila bando la mtu. Sitabonyeza tena ndiyo kwa swali nisilolisoma, hata nikitazamwa na wilaya nzima. Chumba wamenishinda kwa haki. Ghala silivunji.