Nililia Mbele ya Rika Langu

Wapendwa mlioketi hapa na magongo na bandeji zenu, mimi ni Lemayian, mfugaji wa Ngorongoro. Kabla ya mguu huu wa bandia nilikuwa mtu wa kutembea, ng'ombe wakinifuata kwa mluzi tu. Nilipotahiriwa sikupepesa jicho, kama inavyotakiwa kwetu, na tangu siku hiyo hakuna mwanaume wa rika langu aliyeona uso wangu ukikunjamana kwa maumivu. Nilijivunia hilo kupita kiasi.

Siku moja joshoni, tukiogesha ng'ombe, fahali alinibana kwenye nguzo. Mfupa wa muundi ukavunjika. Nikapelekwa hospitali moja Karatu.

"Mzee, chezesha vidole," daktari akasema. Nikavichezesha. Akavishika. "Vina joto. Mguu huu utapona." Akanifunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka gotini hadi unyayoni.

Jioni mguu ulianza kuvimba ndani ya lile hogo gumu. Nyama iliwaka kama inataka kupasuka, na haikuwa na pa kwenda. Nikamwambia muuguzi, "Mguu unaniuma sana." Lakini nilisema kama mtu anayeomba chumvi.

"Mfupa ukivunjika lazima uume, mzee," akajibu, akanipa vidonge.

Baadaye mke wangu, Namunyak, alinifinya kidole gumba cha mguu ule. "Baba Naserian, unasikia?" Kidoleni sikusikia kitu. Akamkimbilia daktari. Daktari akafika mlangoni, akanitazama nimekaa kimya, akasema, "Mwenye maumivu makali hakai hivi." Akaondoka.

Nikajifunika shuka kichwani, nikalia. Nikamwambia Namunyak kwamba kisu cha jando hakikufika hata nusu ya maumivu haya. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Asubuhi vidole vilikuwa vyeusi na baridi, hogo linanuka. Nikakimbizwa hospitali ya rufaa. Daktari wa upasuaji alipolipasua alitikisa kichwa. Nyama ilikuwa imekufa, na mguu ukakatwa.

Tukaishtaki hospitali ya Karatu mahakamani. Wakili wangu, mama mmoja wa Mbulu, hakunificha kitu. "Kuonyesha kwamba walizembea si kazi kubwa," alisema. "Kazi ni kuonyesha kwamba uzembe wao ndio uliokuondolea mguu. Wao watasema ungekatwa hata hivyo."

Na ndivyo walivyosema. Wakili wao alidai fahali alishauua mguu joshoni. Daktari wao alipoulizwa hali yangu nilipofika, hakuweza kukwepa: vidole vilicheza, vilikuwa na joto. Basi mguu uliingia hospitalini ukiwa hai. Hapo wakageukia uso wangu. "Alikaa kimya. Nani angejua?"

Wakili wangu akaniinamia. "Mama Naserian anajua ulichosema chini ya shuka. Ameniambia umemwapisha. Bila hayo hatuwezi kuonyesha kwamba kulikuwa na muda wa kuuokoa."

Wanaume wa rika langu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na shuka zao nyekundu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini nilikuwa nimeshapoteza mguu kwa ajili ya uso huu. Nikasimama kwa magongo, nikasema mwenyewe: "Nililia. Mguu uliniuma kuliko kisu cha jando." Nikamwambia Namunyak aeleze yote.

Olais, rafiki yangu tangu ujana, akainuka akatoka nje.

Daktari wa hospitali ya rufaa alipoulizwa kama mguu ungepona, alijibu, "Siwezi kuapa. Lakini maumivu kama hayo ni ya nyama iliyo hai bado. Hogo lingepasuliwa jioni ile, kuna uwezekano mkubwa angetembea kwa miguu yake." Hakimu alikubali kwamba nafasi hiyo ilikuwepo, na kwamba ni hospitali iliyoipoteza. Nilishinda.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama wakili, na Namunyak kuliko wote. Nanyi nawaambia: mkiulizwa kama inauma, semeni kwa mdomo na kwa uso. Wasiposikia, rudieni. Wasiposikia tena, pigeni kelele.

Olais hakuniamkia muda mrefu. Juzi tumbo lilimshika, akaletwa wodi hii hii. Kabla sijafika kitandani kwake nilimsikia tangu getini, mwanaume mzima analia kama mbuzi aliyenaswa kwenye miiba, wauguzi wanamkimbilia. Walimpasua mapema. Alipozinduka akaniona, akapanguza machozi, akasema, "Lemayian, nimelia vizuri?"

Nikamwambia, "Vizuri sana, ndugu yangu."