Stambuli Alivyomsifu Mtani Wake

Katika vijiji vya mashariki ya Uluguru hakuna aliyemshinda Stambuli kwa kumweleza mtu. Mwenyewe alikuwa mkulima wa kawaida tu, nyumba ya udongo, baiskeli hana. Lakini mdomo alikuwa nao. Mtu wa kushusha mikungu mitatu ya ndizi mlimani bila kupumzika alimwita kiboko. Mwanamke aliyelea watoto saba peke yake alimwita jabali, na jina likamkaa. Viongozi waliokuja kuhutubia aliwaita vigogo wakiwapo, wakishaondoka akawaita magogo.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa utani. Ukoo wake na ukoo wa kina Mikidadi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Akifa mtu upande huu, wa upande ule huja msibani kufanya vituko: humsema marehemu kwa uchoyo wake, hulala njiani jeneza lisipite, hudai anachokitaka. Wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika, wala ya kukataa, kwani anayemnyima mtani mbele ya maiti amemwaibisha maiti wake. Mwaka mmoja Stambuli alilala hivyo akadai mbuzi pekee wa marehemu, akapewa palepale, na watoto wa marehemu wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ikafungulia biashara. Sabuni na khanga, ambazo watu walikuwa wakizipangia foleni, zikajaa madukani. Mikidadi, aliyekaa mkeka mmoja na Stambuli madrasani, akanunua lori la kupeleka ndizi na mananasi Dar es Salaam, halafu la pili, halafu akaleta mashine ya kusaga. Hadi hapo hakuna aliyemwonea kijicho. Kisha akalitaka bonde.

Bonde lile lilikuwa la mama yake Stambuli. Kwa Waluguru shamba la ukoo hupitia kwa wanawake, kwa hiyo lilikuwa la dada yake, Mwaisha, na watoto wake. Stambuli alikuwa mjomba, mlinzi tu. Maji yalipita humo masika na kiangazi, na magimbi yake yaliwalisha wote. Kamati ya kijiji ikakaa, ikasema bonde linahitajika kwa maendeleo, na maendeleo yenyewe ndiyo Mikidadi. Mwaisha akaambiwa avune kilichopo, apishe.

Kabla hajamaliza kuvuna, mama yake Mikidadi akafariki. Asubuhi ya maziko Mwaisha alikwenda kwa kaka yake, wala hakukaa kitako.

“Kaka, siku ndiyo hii. Lala mbele ya jeneza, udai bonde la mama. Hawezi kukunyima.”

Stambuli akaitikia, na kwa kweli alikusudia kufanya hivyo.

Msibani alikuta magari yamepangana hadi barabarani. Wageni wa Morogoro mjini na wa Dar walikuwa wamejaa, kanzu zimenyooka, suti, viatu vinang'aa. Mdogo wake Mikidadi akamvuta pembeni, akamwomba kwa heshima kwamba mambo ya kugaagaa njiani leo yaachwe, wageni hawayajui. Aseme maneno mazuri, bwana mkubwa hatamsahau. Stambuli akaingiwa na woga. Akaingiwa pia na kitu kibaya kuliko woga, nacho ni tamaa ya kusikilizwa na watu wakubwa namna ile. Akajidanganya kwamba sifa zitamlainisha Mikidadi kuliko aibu, na bonde litarudi kwa hiari yake. Ulikuwa upumbavu mtupu.

Jeneza likatoka. Wenyeji wakaacha nafasi njiani kama walivyozoea, wakimsubiri ajitupe chini. Stambuli akasimama pembeni, akaanza. Alimwita Mikidadi hodari, mahiri, kigogo asiyetikisika, mzito asiyebebeka, mtu anayekaa barazani kwake na mkono wake ukafika Dar es Salaam. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Vichwa vile vikamlevya, akazidi kupanda, mpaka akamwita muweza wa yote. Mwalimu Mansuri, aliyekuwa akiongoza maziko, akamwambia taratibu kwamba huyo ni Mmoja tu na hakai kijiji hiki. Stambuli akanyamaza, jeneza likapita. Mwaisha alikuwa na wanawake wenzake uani, na kila neno lilimfikia. Alijifunika khanga usoni.

Siku hiyo Stambuli alikula pilau upande wa wageni, akapewa na kanzu mpya. Masika hayajaisha, bonde likazungushiwa seng'enge. Mwaisha akachukua wanawe akaenda Dumila kuuza vitunguu kando ya barabara, na hakupita kumuaga kaka yake. Misiba mingine ilitokea kwa kina Mikidadi, lakini wakawa wanamwita mtani mwingine.

Alikaa na donge hilo mwaka mzima. Mwishowe akajikaza, akaenda barazani kwa Mikidadi kumwomba japo kona moja ya bonde, dada yake arudi. Mikidadi hakumfokea. Aliagiza chai, akamtazama kwa muda kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

“Mtani,” alisema, “asubuhi ile nilimwambia mke wangu, bonde limekwenda. Nilijua utalala njiani. Ningekukatalia vipi, na mama yangu yuko mabegani mwa watu? Saa ile mwenye nguvu ulikuwa wewe. Nikakusubiri ulale, wewe ukasimama kunisifu.”

Mikidadi akamsogezea kikombe, akamwambia anywe, chai inapoa.