Upande wa Pili wa Dawati

Miaka ya tisini, darasa langu la kwanza kule Mbita lilikuwa na vitabu vichache vikuukuu, kurasa zake zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Watoto sita walisoma kitabu kimoja, watatu upande huu wa dawati, watatu upande ule.

Nilifundisha kwa sauti za herufi. Funga midomo: mmm. Ifungue: aaa. Zisukume pamoja upate ma. Mtoto akishajua kuunganisha sauti mbili, neno refu halimtishi tena. Linataka subira tu.

Msichana mmoja alikaa daima upande ule, akiyaona maandishi kichwa chini miguu juu. Siku nilipompa kitabu akishike mwenyewe, alikipindua kwanza, kisha akasoma bila kukwama.

"Mwalimu, huyu anasoma kama popo!" wenzake wakacheka.

"Na popo huyo amewashinda," nikawajibu. Nilikusudia kumzoesha kukishika vizuri, polepole.

Mama yake, aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni, alikuwa kitandani kwa miezi, amekondeshwa na ule ugonjwa ambao siku hizo hatukuutaja. Hakuwahi kuingia darasani. Alituma watu waniambie kwamba anataka kumsikia mwanawe akisoma kabla hajaondoka duniani. Masomo yalipokwisha nikachukua kitabu, tukaenda.

Nilimkalisha mtoto ubavuni pa mama, aliyekuwa ameketishwa ukingoni mwa kitanda. Mtoto akakataa. Akapiga magoti mbele yake, akakilaza kitabu mapajani pa mama, kimwelekee mama.

"Japuonj," mama akaniita, yaani mwalimu, "sasa yeye ataonaje?"

"Anaona, mama. Msikilize."

Kidole cha mtoto kikatambaa. "Ma-ma a-na-pi-ka sa-ma-ki."

Mama aliyaona maandishi yakiwa wima, na juu yake uso wa mwanawe. Akagusa neno la kwanza. "Hii ndiyo ma?"

"Ndiyo. Funga mdomo kwanza, mama," mtoto akamwambia.

"Eee, siku hizi nina mwalimu mkali!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Halafu akafunga mdomo, akasoma: "Mmm-a."

Tulimzika wiki iliyofuata. Mjomba akaja kumchukua mtoto wakaishi Rongo. Mtoto alipokuja kuniaga, nilimpa kile kitabu kiwe chake. Alikaa sakafuni, akakiweka kikielekea mbele, mahali pasipokuwa na mtu, akaanza kusoma.

Sikukigeuza. Nilizunguka, nikakaa pale mbele yake, kitabu kikinielekea.