Jongoo la Kubebea Mpira

Krakrakrakra. Ndivyo lilivyolia jongoo siku yangu ya kwanza kwenye yadi ya karavani kule Rashidiya, Dubai, Fomeni, msimamizi wa mabomba, alipolishika kichwa na kulivuta juu ya saruji mpaka likanizidi urefu mara mbili. Mimi nilidhani limevunjika, nikarudi nyuma hatua mbili. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo.

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Ina vitanda, jiko na choo. Choo humwaga kwenye tangi lililo chini ya sakafu, na tangi likijaa unafunga mpira mnene kwenye tundu lake, unaulaza mpaka kwenye shimo la maji taka, kisha unavuta vali. Jongoo ndilo linaloubeba mpira huo. Ni kibebeo cha plastiki chenye miguu mingi, mirefu upande wa karavani, mifupi upande wa shimo, ili mpira uteremke. Jina hilo ni letu sisi watu wa yadi. Dukani wana jina lao.

Sijazeeka. Nina miaka ishirini na tisa, na shule niliishia kidato cha pili, Tanga. Lakini kazi ile nimeshaiacha, na wadogo zangu wanaotaka kwenda huko huniuliza ilikuwaje, kwa hiyo acha niandike kama mstaafu.

Madam, meneja wa yadi, alinianzisha usafi wa ndani: mashuka, masinki, mazulia yaliyojaa mchanga. Mwenzangu alikuwa Akinyi, dada wa Kisumu mwenye mdomo. Mimi nilikuwa naota mchana kweupe, kwamba iko siku nitakuwa na karavani yangu mwenyewe, niiegeshe Pangani, niuze vitumbua.

"Na choo cha hiyo karavani yako nani ataosha?" Akinyi akaniuliza.

"Nitakuajiri wewe."

"Mimi? Wee. Mimi nitakuwa customer."

Baada ya miezi sita Fomeni akaniomba kwa Madam nihamie upande wa mabomba. Alisema nina jicho la kuona kitu kilichopinda. Fomeni alikuwa mzee wa ukoo wa Unguja aliyezaliwa Deira, humo humo Dubai. Kwao Unguja aliwahi kwenda kuzika tu. Hata hivyo alikaa Dubai kwa viza ya kazi kama mimi, na viza hiyo ilishikiliwa na Arbab, mwenye kampuni. Kazi ikimwisha, mji alikozaliwa nao unamwisha.

Alinifundisha kuchagua jongoo kabla ya kunifundisha kushika vali. Kwanza pima tundu la karavani liko juu kiasi gani, kwa sababu mguu mrefu kuliko wote lazima uwe chini ya hapo. Pili, urefu ufike shimoni bila kuvutwa mpaka viungo vikakamae. Tatu, tazama mfereji wa juu, mpira ukae humo bila kuyumba, na mikanda ya kuufungia iwepo maana upepo wa jangwani hauna adabu. Vipo vibebeo vya alumini pia, vinang'aa, lakini jua la kule huvifanya kikaango na mpira ukalainika juu yake.

"Mpira ukifanya tumbo hapa kati," aliniambia, "uchafu utakaa humo, mwanangu, na wewe ndo utaukamua. Waona?"

Niliona. Nilicheka pia, nikajuta, maana alinipa niukamue.

Majira ya baridi yalipofika tukapeleka karavani tisa kwenye kambi ya jangwani, familia za mjini huenda huko kupumzika. Mkaguzi wa kambi alikuwa ameshatuonya mara moja kwa maji taka yaliyomwagika. Safari hii alisema tone moja likigusa mchanga, karavani zote tisa zitaondoka. Arbab alitaka alumini, ipendeze machoni. Fomeni akasimamia jongoo. Walibishana mbele yetu. Kiarabu chao nilikielewa nusu, nusu nyingine nikaisoma usoni.

"Haya, jongoo," Arbab akasema mwishoni. "Likimwaga, wewe na jongoo lako, khalas."

Wiki ya kwanza hakikudondoka kitu. Kila karavani niliyoipita nilikuwa nainama kuchungulia chini, shingo ikaniuma.

Ijumaa ya pili, mama wa familia moja akaniambia ndugu zao wanakuja kunywa kahawa. Upepo ulikuwa unatimua vumbi. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hapokelewi na vumbi: unarashia maji uwanjani, ndipo anakuta pametulia. Nikachukua ndoo, nikarashia kuizunguka karavani nzima, ndoo nne, tena upande wa mlango, karibu na tundu la tangi, nikazidisha. Pakapendeza. Nikajisifu moyoni.

Alasiri ndugu wakafika, watu kumi na nne, wote wakaingia chooni kuchukua udhu kwa zamu. Taa ya tangi ikawa nyekundu. Fomeni akafunga mpira, akavuta vali.

Mpira ukafanya tumbo. Miguu mirefu ya jongoo ilikuwa imezama kwenye ule mchanga nilioulowesha. Uchafu ukakwama, ukarudi nyuma, kiungo kikaachia. Fomeni alifunga vali haraka, lakini kiasi cha ndoo kilikuwa kimeshalala mchangani, mbele ya viatu vya Arbab aliyekuja kuwasalimia wageni.

"Jongoo lako," Arbab akasema.

Fomeni aliutazama mchanga uliolowa, akanitazama mimi. Alijua. "Kosa langu," akasema.

"Jumatatu njoo ofisini kwa Madam. Na pasipoti."

Mkaguzi alikuwa karavani ya nne kutoka pale, anakuja. Akinyi, aliyeletwa kambini kwa usafi, alinifinya mkono. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Mzee ameshasema." Na kweli ningeweza kunyamaza. Nilimtumia mama pesa ya dawa kila mwezi kwa kazi ile.

"Arbab, ni mimi. Nilimwaga maji. Jongoo halina kosa, lilizama."

"Maji ya nini jangwani?"

"Wageni wasile vumbi."

Fomeni akaingilia, "Nami sikuweka mbao chini ya miguu. Tulikosa wawili."

Mkaguzi akafika. Arbab akamwomba saa moja tusafishe na kumwonyesha upya, naye akakubali. Tukazoa mchanga ule kwenye mifuko, tukaleta mkavu, tukaweka vipande vya mbao chini ya kila mguu, Fomeni akalaza pimamaji juu ya jongoo mara tatu. Halafu akavuta vali. Mimi nilikuwa chini ya karavani, nimevua glavu, kiganja kimekinga kiungo, maana glavu haisikii tone. Tangi zima likapita. Nilitoa mkono mkavu, nikamwonyesha mkaguzi. Akaandika kitu, akaondoka, karavani zikabaki.

Fomeni alibaki kazini. Mimi nilirudishwa kwenye mashuka, na mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Nililia siku moja, Akinyi akalia siku mbili, tukaishia kucheka. Nikifikiria sasa, kibebeo hakichaguliwi dukani peke yake. Unachagua na ardhi kitakaposimama, na mazoea ya watu watakaoishi juu yake.

Ijumaa yangu ya mwisho kambini, wanaume walikuwa wamekwenda kusali. Nikapita na mashuka kichwani nikaona kwenye karavani ya saba mpira umelegea, mguu mmoja umetoka kwenye ubao wake. Mabomba hayakuwa kazi yangu tena. Niliyaweka mashuka kitini, nikapiga magoti, nikaurudisha mguu juu ya ubao, nikakaza mkanda, nikaufuata mpira kwa kiganja mpaka shimoni. Kisha nikanawa, nikabeba mashuka yangu, nikaenda kutandika.